Paka Aliyevushwa Maji

Paka wa mwenye nyumba wangu amelala juu ya kanga zangu zilizokunjwa, na anatetemeka. Sharubu zinamcheza, mdomo unanyanyuka upande mmoja, makucha ya mguu wa mbele yanatoka na kurudi, yanatoka na kurudi. Nimekaa sakafuni namtazama. Mkononi nina simu, na ndani ya simu mna ujumbe wa sauti wa kaka yangu Hamadi, ambao nimeusikiliza mpaka nimeukariri. Shangazi Salima amefariki. Anazikwa leo baada ya Alasiri.

"Riziki," anasema Hamadi, na nyuma yake nasikia watu wakitandika majamvi, "desturi waijua. Watu wataulizwa chamba wamemsamehe maiti. Mimi nataka nikujibie na wewe. Niambie tu nijibu nini."

Sijamwambia. Mwenye nyumba amepita mlangoni, akamwona paka wake na kusema, "Mwamshe huyo, anaota vibaya." Nikamwambia mwache. Nilisema kwa ukali ambao yule mama wa watu hakuustahili, akaenda zake akinung'unika kuwa wapangaji wa siku hizi hawaambiliki. Hasira haikuwa yake. Ni ya zamani, nimezunguka nayo pwani yote hii, na kama ingekuwa mzigo wa kubebwa kichwani ningekuwa nimeshaitua mahali. Mimi nimeanza kung'oka magego. Yenyewe bado ina meno yote.

Tulikuwa tukikaa kwa shangazi huyo, mtaa wa Jadida, mjini Wete. Baba, mdogo wake, alikuwa bara, akifanya kazi ambayo kila akirudi aliitaja kwa jina jingine. Nyumba ilikuwa ya shangazi, aliyoachiwa na babu, na mama yangu ndani yake alikuwa wifi mtu: anapika, anafua, anachota maji, anasema "sawa, wifi." Watu wakisikia natoka Pemba hudhani utoto wangu wote ulinukia karafuu. Ulinukia miyaa, majani ya mkindu. Shangazi alikuwa msusi wa ukili, na uani kwetu daima palikuwa na sufuria kubwa ya miyaa inayochemshwa na rangi, zambarau leo, kijani kesho, na ule mvuke wake mchachu uliingia mpaka kwenye wali. Ukili ukishasukwa aliukunja duara na kuurundika pembeni mwa ukumbi, ukingoja kushonwa mikeka. Juu ya rundo hilo ndipo alipolala Kofia.

Kofia alikuwa paka mweupe mwenye doa jeusi kichwani, limekaa upande kama kofia ya mtu anayerudi harusini. Hakuwa wa mtu. Alikuja mwenyewe, akachagua rundo la ukili, na shangazi alimvumilia kwa sababu alikamata panya.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mama aliniambia nilikuja duniani na swali mdomoni. Mchana, watu wazima wakiwa wamejinyoosha baada ya kula, mimi nililala kifudifudi sakafuni, kidevu juu ya saruji ya baridi, nikimtazama Kofia akilala. Nilijua hatua zake zote. Kwanza sikio lilishtuka. Kisha sharubu. Kisha vidole vya miguu, kimoja kimoja, na mwisho meno yaligongana taratibu, kekeke, sauti ile ile aliyoitoa akiwaona ndege juu ya bati. Chini ya kope macho yalikwenda huku na huku kama kitu kinachohangaika chini ya shuka.

"Mama, Kofia ana nini?"

"Anaota."

"Anaota nini?"

"Paka ataota nini, mwanangu? Samaki."

Jibu hilo lilinitosha na nikalijengea nyumba. Nikaamini kuwa usingizi ni mahali, na mahali hapo pana maji, na wanaokwenda huko kuvua huacha miili yao nyuma ikitikisika kama mtumbwi uliofungwa.

Ndiyo maana siku Hamadi alipoanguka mara ya kwanza mimi sikuogopa. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, ametoka chuoni kusoma Kurani, tumeshakula, amejilaza kwenye mkeka. Akatoa sauti ya mtu aliyepaliwa. Mkono ukakaza, ukaanza kupiga mkeka, macho yakageuka meupe. Mama alikuwa kisimani. Nikasogea, nikakaa karibu na kichwa chake, nikangoja, kama nilivyongoja mara nyingi kando ya rundo la ukili. Alipotulia mate yalikuwa yamemtoka yakiwa na damu kidogo, na nguo yake imelowa. Alifumbua macho akanitazama kama anayetafuta jina langu.

"Umepata nini?" nikamwuliza.

"Wapi?"

"Huko ulikokuwa unavua."

Leo najua alikuwa ameogopa kuliko alivyopata kuogopa, na ulimi unamuuma. Lakini alinitazama vizuri, akaona kuwa mimi nasubiri jibu la kweli.

"Chewa," akasema.

"Mkubwa?"

"Hakuingia tengani."

Ukawa mchezo wetu. Kila alipozinduka niliuliza, naye alinitajia samaki: kolekole, taa, pono. Zile mara zilizokuwa mbaya, ambazo alizinduka na kichwa kinampasuka na machozi yanamtoka bila kulia, alisema, "Tenga tupu." Hapo ilikuwa sheria: siulizi tena. Nakaa naye tu mpaka anyanyuke.

Ni kifafa, sasa najua. Nilikosea kudhani kaka yangu anaota kama paka. Lakini katika nyumba ile alikosea na mwingine, na kosa langu halikumuumiza mtu.

Shangazi Salima alikuwa mtu wa kuona. "Bi Salima kaona," mtaani walisema, na habari ikaishia hapo. Aliona husuda katika mtoto anayelia sana, aliona safari katika kuku anayewika jioni. Mchana mmoja alikuwa anasuka ukumbini, majirani wawili wako naye, na Hamadi akaanguka mbele yao. Na pale pale, juu ya rundo, Kofia alikuwa usingizini, sharubu zinamcheza, miguu inakimbia hewani. Mikono ya shangazi ikasimama. Akamtazama mtoto. Akamtazama paka.

"Mwaona?" akasema polepole. "Mwaona wenyewe? Watetemeka pamoja."

Majirani wakashika vifua. Mama alikuwa amepiga magoti, amekiweka kichwa cha Hamadi mapajani.

"Paka anaota, wifi," akasema.

"Na huyo ulomshika naye anaota?"

Mama akamfuta Hamadi mate kwa kanga.

"Kila paka akilala hufanya vile, wifi. Wako wa zamani alifanya vile. Hospitali si mbali, niache nimpeleke mtoto."

"Hospitali wana sindano ya sheitani?" Mmoja wa majirani akacheka kidogo, na kicheko hicho kikafunga mlango. Hospitali ilikuwa mwendo wa mtu kwenda na kurudi kabla wali haujapoa. Hilo ndilo lisilonitoka. Hatukukaa porini.

Kwetu paka hauawi. Mtume alimpenda paka, na mwenye kumuua ana deni mbele ya Mungu. Kwa hiyo paka asiyetakiwa, mwizi wa samaki au mwenye kunajisi jiko, huvushwa maji. Hutiwa kwenye kikapu akapelekwa ng'ambo, kwa sababu kwa nchi kavu paka atarudi hata umtupe wapi, lakini maji humpotezea njia. Na sheitani, walisema, ni vivyo hivyo. "Sisi hatuui," shangazi alipenda kusema. "Tunavusha." Alilisema kama mtu anayetaja rehema.

Kesho yake akaja Mzee Faki, muuza samaki wa Kojani. Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki, hakuna njia ya kufika ila kwa chombo, na watu wake wote ni bahari tu. Mzee Faki alivuka asubuhi, akapanda baiskeli na tenga lake nyuma, akaja kutuuzia Wete. Shangazi alimngoja amalize samaki.

"Nimtie wapi, Bi Salima?"

"Humo humo tengani."

"Tenga la samaki?" Mzee Faki akalitazama tenga, akamtazama Kofia. "Hiyo ni adhabu ama ni harusi?"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. "Umwache Kojani. Usimwache njiani."

"Kojani kwetu paka washakuwa wengi kuliko watu, Bi. Kila mwenye paka mwizi yuwatuletea siye."

"Huyu si mwizi. Huyu ana mtu ndani yake."

"Basi na huyo mtu ajue kupara samaki," akasema Mzee Faki, akifunga kifuniko kwa kamba ya usumba. "Kwetu kazi ipo."

Niliona jicho moja la njano katikati ya fito za tenga, halafu baiskeli ikapinda kona. Nilitupa mawe kwenye sufuria ya miyaa mpaka nikachapwa. Hamadi alikwenda akalala mahali alipolala Kofia, juu ya ukili, mpaka shangazi alipomnyanyua.

Muda kidogo hakuanguka, na shangazi akapita mitaani na uso wa mtu aliyekwisha kuukomboa mji. Kisha akaanguka chuoni, mbele ya wenzake, na akaanguka tena jikoni. Mtu mwingine angesema, nilikosea, mpelekeni mtoto hospitali. Shangazi akasema, "Kumbe sheitani kishamwingia kabla paka hajaondoka." Ndipo mambo yalipoanza. Hamadi akatolewa skuli. Akalazwa peke yake chumba cha kuni. Na tulipokaa kula, sote tukizunguka sinia moja kama watu wote wanavyokula, yeye akatengewa sahani yake ya bati, karibu na mlango. Alikula akiwa ametugeuzia mgongo, hakutaka tumwone akitafuna. Mama alikuwa anameza tonge kama anayemeza jiwe. Nami nilikuwa nikimtazama shangazi mdomoni, anavyokula vizuri, anavyolamba vidole, na nikajifunza kuchukia mapema kuliko nilivyojifunza kusoma.

Siku Mzee Faki aliporudi, tenga lilikuwa limefungwa ubavuni ili kiti cha nyuma kiwe wazi. Mara hii hakufanya mzaha. Hamadi alikuwa na nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Maji yatakikata hicho kilichomwingia," shangazi alikuwa akimwambia mama. "Si wewe wala si mimi. Maji."

Mama alisimama na unga mikononi. Nami, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuuliza, nikauliza lililokuwa wazi kwangu kama mchana.

"Shangazi, naye ndiyo harudi?"

Kibao chake nakisikia hadi leo. Lakini hakunijibu. Hata katika hasira zangu zote namhesabia hilo: hakusema uongo siku ile.

Kwa muda mrefu mama alipika, alifua, akasema sawa wifi. Halafu asubuhi moja akavaa buibui na kuniambia nivae viatu. Shangazi alikuwa ukumbini na ukili wake.

"Mwenda wapi?"

"Kojani."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya aliyemzaa," akasema mama, na sikuwahi kabla ya hapo kumsikia akitumia sauti hiyo.

Chombo kilituvusha kwa muda mfupi tu, nikashangaa. Nilidhani maji ya kupoteza njia yangekuwa makubwa zaidi. Kojani nyumba zimebanana, nyavu kila ukuta, watoto kila mlango, na paka, Mzee Faki hakusema uongo, paka juu ya kila kizingiti. Tulielekezwa kwake. Mkewe, Bi Mize, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo, alikuwa anapara samaki uani. Pembeni yake kaka yangu naye anapara, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Na juu ya miguu yake, amenenepa, amelala, sharubu zinamcheza na meno yanagongana, alikuwa Kofia.

Mama alisimama kama aliyepigwa. Bi Mize akamfuata macho yake mpaka kwa paka.

"Huyo? Huyo anaota," akasema. "Kutwa kucha yuwala, kisha hulala akaota kula. Karibuni." Kisha akamtazama mama vizuri. "Wewe ndo mama yake. Kaanguka hapa siku ya mwanzo, nikampeleka kwa daktari, kapewa vidonge. Ameza asubuhi, ameza jioni. Basi. Nyie hamkumpeleka?"

Mama akainama.

"Haya," akasema Bi Mize, akilegeza sauti kidogo tu. "Mnatutupia paka. Mnatutupia watoto. Sasa twangoja wazee."

Mchana wakaleta sinia moja, wali na samaki wa nazi, na Hamadi akajisogeza katikati ya watoto wa nyumba ile, akatia mkono bila kumtazama mtu. Hapo mama ndipo alipolia. Aliweka ukingo wa buibui mdomoni, akalia ndani yake.

Tulipotaka kuondoka alimwambia, "Haya, Hamadi, chukua nguo zako twende nyumbani."

Hamadi alikuwa akimkuna Kofia nyuma ya sikio. "Nyumbani nitakula wapi?" akauliza.

Si kwa jeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nyumba haikuwa ya mama, sinia halikuwa lake, na hakujua kumdanganya mtoto. Tukavuka wawili, kama tulivyokuja.

Ningeweza kuishia hapo na hasira yangu ingekuwa hasira ya kawaida. Lakini tulipofika Jadida mama aliwaeleza kuwa Hamadi haanguki tena, kwamba ni vidonge, na shangazi akainua mikono juu. "Maji yamekata!" akasema. Mama akarudia: vidonge, wifi. Majirani wakamtazama kwa huruma, kama mtu anayegombania kitu kidogo. Kufika Ijumaa mji mzima ulikuwa unajua Bi Salima kamponya mtoto wa nduguye. Wakaja watu kumwuliza. Nilimwona binti wa mtaa wa nyuma, rafiki yangu wa kuruka kamba, akikalishwa nyuma ya baiskeli na mfuko wake wa plastiki. Hakuwa na Bi Mize huko alikopelekwa. Hakurudi, na jina lake nyumbani kwao likawa halitajwi.

Skuli sikuimaliza. Nilianza kwa kutoroka kwenda Kojani kumwona Hamadi, na miguu ikishaonja njia haitaki tena benchi. Nimepanda mwani, nimepika kwenye kambi za mafundi, nimeshona, nimeuza mitumba, Unguja, Mombasa, Dar, sasa Tanga. Nimevuka maji mengi, mwenyewe, bila kutiwa tengani. Na kila nilipofika, nikiona paka amelala, nimeuliza watu: huyu anafanya nini? Walinzi, mama wauza uji, mganga wa mifugo mmoja niliyekuwa namfulia. Wote wamenijibu kwa maneno yao jibu lile la mama yangu. Yule wa mifugo akaongeza kuwa mbwa hufanya hivyo, na mtoto mchanga. Hakuna aliyeniambia paka yule ana mtu.

Nampigia Hamadi. Anapokea upesi.

"Umeusikia ujumbe?"

"Nimeusikia. Wewe umemsamehe?"

"Mimi zamani, Riziki. Tangu alipoanza kuja."

"Kuja wapi?"

"Kojani. Kila Idi Pili. Hukujua? Alikuwa hakai sana. Akikaa mlangoni, haingii. Akinitazama nikila, kisha akaondoka. Nikimpa samaki, hupokea."

"Akasema nini?"

"Hasemi kitu. Siku moja tu alisema, 'Kofia kanenepa.'"

Najikuta nimesimama. Paka wa mwenye nyumba hajaamka.

"Kwa hiyo alijua," nasema. "Alimwona Kofia anatetemeka miguuni mwako na wewe mzima. Alimwona kwa macho yake, Hamadi. Akarudi Jadida, akaendelea kuvusha watoto wa watu."

Nyuma yake kuna kisomo, na mtu anauliza viatu vyake viko wapi.

"Sema Riziki hajasamehe."

"Pale hapajibiwi hivyo."

"Basi usinijibie."

"Sikujibii," anasema taratibu. Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa tumelala kwenye mkeka mmoja: "Na wewe, huko kote ulikokwenda. Umepata nini?"

Nataka kumwambia chewa. Nataka kumtajia kolekole, taa, samaki asiyeingia tengani. Naangalia chumba: cherehani, ndoo, kanga zilizokunjwa na paka wa mtu juu yake.

"Tenga tupu," nasema.

Haulizi tena. Nasikia wakiinua jeneza, nasikia imamu akiuliza na watu wakijibu kwa sauti moja, na katika sauti zile Hamadi hanijibii mimi. Nasikia nyayo nyingi zikiondoka. Anapaswa kwenda kulitia bega jeneza. Anatembea nyuma ya watu wote, polepole, simu ikiwa sikioni, nami namsikia akipumua.